Majimoto Kwenye Posa Yangu

Mwalimu wa baiolojia aliwapa darasa la mdogo wangu, kidato cha pili, mradi: nini kinawavuta sisimizi, na nini kinawafukuza. Wenzake walichukua wale weusi wapole wa jikoni. Mdogo wangu akawadharau. Alitaka majimoto wa kwenye mwembe wetu.

Hapa Tanga kila aliyewahi kupanda mwembe ana habari zao: wekundu, wanashona majani kwa hariri ya mabuu wao, na wakishakung'ata wanamwaga asidi palepale kwenye jeraha. Jina hawakupewa bure.

Mtoto akafunga kamba ya katani kutoka tawini hadi dirisha la sebuleni, akaipaka asali. Dirishani visahani vya sukari na vichwa vya dagaa. Pembeni, kama ukuta, siki, maganda ya ndimu na karafuu za kusaga. Mama alipofoka, akajibiwa kwamba wakulima wa China walianza kuwatumia ndugu zao hawa kwenye michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, wawalie wadudu, na baadaye wakawawekea hata madaraja ya mianzi kati ya miti. Mama akanywea. Ukisomesha watoto ndiyo hayo.

Ijumaa wageni wa posa wakaja, na mshenga akakalishwa chini ya dirisha lilelile. Mimi niko nyuma ya pazia, nachungulia. Mzee wa watu, kanzu imenyooka, kofia ya viua, kapakata kisahani cha halwa.

Sasa, huku karafuu, huku siki. Njia iliyobaki ilikuwa bega la mshenga. Na jimoto mmoja akigundua kitamu, huacha harufu njiani wenzake waifuate. Halwa ile mama aliipika kwa moyo.

"Tumeona ua katika bustani yenu," mzee akaanza, "nasi tumekuja... tumekuja..." Akajizaba kofi la shingo. Baba akadhani mbu. "Tumekuja kuli... yallah! Kulichuma!"

Baba akataja mahari. Aliitaja kubwa makusudi, ipate kupunguzwa. Nilimsikia mama akiguna huko uani. Mshenga akasimama wima, mkono mmoja kolani, mwingine unasaka kitu kwenye pindo la kanzu.

"Tumekubali! Mzee mwenzangu, tumekubali! Isomwe Fatiha!"

Ikasomwa. Sijapata kuona mtu akiitikia amina huku anarukaruka.

Hapo mdogo wangu akatokea na daftari. "Shikamoo, babu. Samahani, wamekuanza wapi?"

Mchumba wangu mpaka leo haelewi ilikuwaje mshenga wake, mzoefu kuliko wote mtaani, asipunguze hata shilingi. Mimi kimya.

Ripoti ikaenda shuleni. Safu ya vinavyovuta: asali, dagaa, halwa, mshenga. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Jaribio lirudiwe."

Baba ameridhia kwa furaha. Kamba mpya kainunua mwenyewe, maana dada yetu mdogo bado hajaposwa.