Gemu zote hizo zimetangazwa, mi nimebaki na Relooted

Wadau, wiki ile ya Juni 2025 gemu zilitangazwa nyingi mno na kila mtu alikuwa na yake anayoisubiri, ila mi nikiambiwa nichague moja basi nachagua Relooted na wala sijiulizi. Najua wengi hata hamjaisikia maana haikuwekwa kwenye ile shoo kubwa, ilitoka kwenye Day of the Devs, shoo ya gemu za studio ndogo, ambayo inafuata baada ya ile kubwa yenyewe, Summer Game Fest, kwisha, na kwa saa zetu ilishakuwa saa nane huko usiku wa kuamkia Idi, Mtwara nzima watu wamelala au wako jikoni wanahangaika na mambo ya sikukuu. Kwahiyo acha niwaelezee vizuri, ila kwanza nipite kwenye zile kubwa nizimalize.

Resident Evil Requiem ndo iliyofunga shoo na kiukweli Capcom wanajua kutisha watu. Kuna kipande yule dada Grace Ashcroft anazinduka amening'inizwa kichwa chini miguu juu, kafungwa kitandani, mkononi ana sindano na damu yake inachuruzika kwenye mpira kuelekea kwenye chupa, alafu hapo hapo inabidi ujinasue. Grace siyo komando kama Leon, yule shujaa wa Resident Evil za nyuma, ni mchambuzi wa FBI, mtu wa mafaili na kompyuta, kwahiyo uoga wake unausikia mpaka kwenye pumzi na hicho ndo kilichonivuta, maana Resident Evil zikija na jamaa anayepiga mateke mazombi mi huwa siogopi kabisa. Stori inarudi Raccoon City, ule mji uliolipuliwa 1998, na tarehe ya kutoka waliitaja 27 Februari 2026. Ntaicheza, hilo halina mjadala.

Marvel Tokon sawa, ngumi za wanne kwa wanne, wanaotengeneza ni Arc System Works wale wale wa Dragon Ball FighterZ kwahiyo kwa rangi na mikono hawana shida, ila mi si mtu wa Marvel nawaachia wenyewe. 007 First Light nimeipenda zaidi kwa sababu ni IO Interactive, waliotengeneza Hitman, na wameonyesha James Bond, yule jasusi wa sinema, bado kijana hajawa 007, anaingia sehemu kwa maneno matamu kabla hajatoa bastola. Hiyo nayo ni ya 2026.

Kilichonikera ni bei. Microsoft waliitangaza The Outer Worlds 2 kwa dola 80 (baadae wakaishusha mpaka 70), na hiyo 80 kwa hela yetu ni kama laki mbili. Jamani tuongee ukweli, laki mbili ya Mtwara ni nini? Msimu wa 2024/25 korosho kwenye minada ya mwanzo ilipanda ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo watu wakashangilia, sasa hata kwa bei hiyo nzuri mkulima wa Tandahimba anatakiwa auze kama kilo 50 ili mwanae acheze gemu moja, tena hapo hujakata makato. Ndo maana ukiingia kwenye mabanda ya gemu huku Chikongola au Magomeni utakuta TV zote mpira, madogo wamekaa kwenye mabenchi na hela zao mkononi, pedi zimefungwa solotepu, aliyefungwa anapisha. Siwalaumu hata kidogo. Gemu ya mpira mwenye banda ananunua mara moja inachezwa mwaka mzima na kila mtu anaijua, hizi za stori nani akae amwangalie mwenzie masaa kumi na mbili.

Haya sasa Relooted.

Imetengenezwa na Nyamakop, studio ya Johannesburg, wale wale waliotoa Semblance 2018. Stori iko mbele huko mwishoni mwa karne hii, unacheza kama Nomali, dada mmoja mwenye mwili mwepesi anayeruka kuta na mabomba, na kazi yenu nyie na wenzenu kutoka nchi tofauti za Afrika ni kuingia kwenye makumbusho za nchi za Magharibi mkachukue mali za Afrika mzirudishe nyumbani. Na mali zenyewe hazijatungwa, ni vitu 70 vya kweli kabisa, ambavyo vipo au historia yake ipo. Hapo ndo nilipokaa vizuri kwenye kiti.

Uchezaji wake sasa ndo mtamu. Huingii tu kama mwizi wa kuvunja kioo. Unaanza kwa kulizunguka jengo kimya kimya unapanga njia ya kutokea, huu mlango uuzuie na kitu usijifunge, pale umweke mwenzako akushushie kamba, kule dirishani mwingine akusubiri, ukishamaliza kupanga ndo unagusa kitu chenyewe, ukigusa tu kengele inalia na kuanzia hapo ni mbio, njia ile ile uliyoipanga sasa unaikimbia bila kusimama na kama ulipanga vibaya utajijua. Nimeirudia ile trela nikawa naisimamisha kila kona kuangalia walivyopanga vyumba. Bando limekwenda ila sijali.

Na kuna kitu kwenye stori yao kimenigusa kwa sababu siyo uongo mtupu. Kwenye gemu kuna mkataba wa kurudisha mali, alafu ukabadilishwa, ikawa kinacholazimika kurudishwa ni kile tu kinachoonyeshwa kwa watu, basi makumbusho zikaanza kuvitoa vitu kwenye vioo na kuvificha stoo. Sasa angalia dunia ya kweli. Ile ngoma ya Ngadji ya Wapokomo wa Mto Tana hapo Kenya, Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20 na miaka yote hiyo iko stoo ya British Museum, hata kuonyeshwa haionyeshwi. Yani huitumii mwenyewe, humuonyeshi mtu, ila kurudisha hutaki.

Sisi watu wa kusini ndo tunatakiwa tuielewe hii gemu kuliko mtu yeyote. Wamakonde mnakumbuka kile kinyago chetu? Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar iliibiwa vitu, kikiwemo kinyago cha Kimakonde, mwaka mmoja baadae kikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na ilipojulikana kiko wapi ikaanza safari ya barua na vikao mpaka Mei 2010 ndo kikasainiwa kirudi. Miaka 26! Na hicho ni kitu kilichoibiwa juzi juzi tu, kwenye nchi huru, ushahidi upo. Je vile vilivyobebwa enzi za Mjerumani?

Alafu fikiria lipiko, kile kinyago cha ngoma cha Kimakonde, ndani ya gemu. Lipiko siyo kinyago cha kutundika ukutani hotelini, linachongwa mti mwepesi maana linavaliwa kichwani, linabandikwa nywele za mtu za kweli, usoni linawekwa chale, na anayelivaa anajifunika nguo mwili mzima pasionekane hata kidole, anaona kwa kupitia mdomo wa kinyago. Watoto wanakimbia huku wanarudi, wanakimbia tena wanarudi. Mtu aliyewahi kuona lipiko linaingia uwanjani wakati vijana wanatoka jando anajua nnachosema. Sasa kile kitu kikae kwenye kioo na taa nyeupe, na kakaratasi pembeni kameandika Makonde, Afrika Mashariki, mti na nywele. Mimi nikiwa Nomali kwenye hiyo hatua naichukua hata kama kengele zinalia jengo zima.

Na mjusi. Lazima niseme habari ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, maana watu wa Lindi mtaninunia. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, vita vya Majimaji vimeisha juzi na njaa yake bado watu hawajaisahau, na hakukuwa na reli wala gari. Mifupa iliwekwa kwenye vifurushi vya mianzi ikabebwa na watu, kichwani na mabegani, siku nne kwa miguu mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Sasa hivi mjusi amesimama Berlin, alisimamishwa mara ya kwanza 1937, urefu wake kwenda juu ni mita 13 na kidogo, watoto wa Kijerumani wanapelekwa na walimu wao kumshangaa, na suala lake limeshaulizwa bungeni kwetu zaidi ya mara moja. Vile vifurushi vya mianzi kuna ambavyo vimekaa huko Berlin miaka na miaka hata kufunguliwa havijafunguliwa.

Mi kwenye hiyo historia naona gemu nyingine kabisa, wala siyo ya kwenda Berlin kumbeba mjusi (utampitisha mlango gani). Kulikuwa na msimamizi wa kazi pale Tendaguru anaitwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja, na mwaka 2007 wanasayansi wakampa heshima, mjusi mwingine wa pale pale wakamwita Australodocus bohetii. Nani mtaani anamjua Boheti? Nipe gemu nicheze kama yeye. Asubuhi unakwangua udongo taratibu na mfupa usipasuke, mchana unagawa mizigo nani abebe nini kwa nguvu zake, njiani maji yako wapi, vijiji gani vina chakula na vipi havina kabisa kwa sababu ya vita, nani anakohoa leo asibebe. Hiyo ni gemu nzuri kuliko nusu ya zile nilizoziona wiki ile, na inaweza kutengenezwa na vijana watano wenye kompyuta hapa hapa kusini kama wale wa Nyamakop walivyoanza wadogo.

Kuna mtu ataniambia hii Relooted inafundisha vijana wizi. Ndugu yangu, dunia nzima imesimama inasubiri GTA VI, gemu ambayo unamshusha mtu kwenye gari lake na kuondoka nalo, na wewe mwenyewe unaisubiri. Mwizi kwenye Relooted ni nani, anayechukua au aliyekaa nayo? Hilo swali gemu inakuachia mkononi ulitafune mwenyewe na mi naiheshimu kwa hilo. Tena kwa nilivyoona hawaui watu, ni akili na miguu.

Lawama yangu kwa Nyamakop ni moja na naisema kwa kuwapenda. Wameitangaza kwa PC na Xbox Series tu. Jamani, Xbox huku nani anayo? Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea, ukikuta mtu ana mashine ya gemu ni PS3 au PS4 iliyotoka Dar imeshatumika, mwenye PS5 anajulikana mtaa mzima. Gemu ya Waafrika kudai mali zao alafu Waafrika wenyewe wengi hawana pa kuichezea, hilo linauma. Najua studio ndogo hela ni shida na kila mashine ina gharama zake, ila wakipata nguvu waitupe na PS4, au hata simu, maana haina grafiksi za kuunguza mashine, ni ya kukimbia pembeni kushoto kulia, inawezekana kabisa.

Kwa sasa mwenye PC nzuri hapa Mtwara mjini aniandikie, nainunua mwenyewe, yeye atoe kompyuta tu tuicheze pamoja, na watu wa Newala na Tandahimba mnaojua mapiko kuliko mimi njooni muangalie kama wameweka cha kwetu.