Nani anachelewesha malipo: mfumo au bosi?

Malalamiko ni yale yale, hapa Arusha, kuanzia gereji za Unga Limited hadi kwa akina mama wanaoshusha mboga kwenye milango ya nyuma ya hoteli za Njiro. Zamani bosi alikuwa analipa mkononi. Tangu aweke programu ya uhasibu ofisini, malipo yamekuwa ya kuzungushwa: ankara ipelekwe, ipigwe muhuri, iingizwe kwenye kompyuta, halafu isubiri siku ya malipo. Wenye biashara nao wamechoka. Wanauliza kwa nini deni la laki mbili liandikwe mara mbili, kwanza kama ankara na baadaye kama malipo, wakati simu inatuma pesa kwa sekunde chache na ujumbe wa kuthibitisha unabaki hapo hapo kama ushahidi.

Swali ni la haki. Ubaya ni kwamba watu wa hesabu wamezoea kulijibu kwa mkato: "Ndivyo mfumo unavyotaka." Jibu la namna hiyo halijawahi kumridhisha mtu yeyote mwenye pesa yake.

Upande wa daftari, yaani wanaotaka kubaki kuandika malipo tu kwa mkono, una hoja nzito kuliko wanavyokiri wauza programu. Kwanza, programu nyingi zilizoenea zimetengenezwa na watu wa mbali kwa ajili ya benki za mbali. QuickBooks, kwa mfano, inamwezesha mfanyabiashara wa Marekani kutuma pesa kwa msambazaji wake akiwa ndani ya programu. Hapa Arusha ukibofya sehemu ya kulipa ankara, hakuna shilingi inayotoka. Umeandika tu kwamba umelipa. Pesa yenyewe utaituma kwa simu au benki, kwa mkono wako, kama kawaida. Kazi ni mbili kweli. Pili, kuna ada ya kila mwezi, mara nyingi kwa dola na kwa kadi, na inakatwa hata mwezi wa nne hoteli ikiwa haina mgeni. Tatu, wasambazaji wetu wengi hawafanani na wale walio akilini mwa mtengenezaji wa programu. Mama anayeleta sukuma wiki na karoti kutoka Tengeru hana TIN, namba ya mlipakodi, wala EFD, mashine ya risiti za kodi, na ankara yake ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Biashara yake na hoteli ni mali kauli: anaacha mzigo kwa sababu anakujua na anajua unapoishi.

Na wahenga waliposema mali bila daftari huisha bila habari, walisema daftari. Mwenye duka mmoja pale Kilombero, mwenye wasambazaji sita anaowajua kwa majina ya watoto wao, na ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 100, analipa kodi ya makadirio kulingana na mauzo. Sioni sababu ya kumsukumia programu. Daftari lake linamtosha, mradi aliandike.

Hali inabadilika mtu anapokuwa na kampuni. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mtu binafsi kuhesabu biashara yake kwa pesa inapoingia na kutoka. Kampuni haina uhuru huo: gharama inahesabiwa inapostahili kulipwa, hata kama pesa bado iko benki. Kwa kampuni, basi, kuiandika ankara kabla ya kuilipa ni takwa la sheria, na kompyuta imekuta hivyo.

Lakini tuache sheria, maana hakuna bosi aliyewahi kuipenda programu kwa sababu ya sheria. Tuangalie pesa. Chukua kampuni ndogo ya utalii yenye magari manne. Mwezi wa pili akaunti imenona, kwa sababu wageni wa mwezi wa saba wameshatuma malipo ya awali. Inakuja masika, Aprili na Mei, barabara za hifadhini zinakuwa matope, wageni wanapungua, na ndipo magari yote yanapoingia gereji kwa pamoja: springi, shokapu, bushi, matairi, viti vya kushonwa upya. Fundi anafanya kazi kwa mali kauli kwa sababu anajua msimu unakuja. Bosi akifungua simu anaona salio, na salio linamwambia ana pesa. Halimwambii kwamba sehemu kubwa ya pesa ile ni ya loji na viingilio vya hifadhi vya wageni ambao hawajafika, wala kwamba fundi, muuza matairi na kituo cha mafuta wameshaila iliyobaki bila kuigusa. Mtu anayeandika malipo peke yake hana mahali pa kuyaona hayo. Deni ambalo halijalipwa linakaa kwenye kichwa cha bosi na kwenye droo ya karani, na vyote viwili huvuja.

Ankara zikiingizwa siku zinapofika, programu inatoa ripoti ya umri wa madeni: unayodaiwa ya hadi siku 30, siku 31 hadi 60, 61 hadi 90, na yaliyovuka 90. Ni ukurasa mmoja. Kwa maoni yangu ukurasa huo peke yake unalipia ada ya mwezi, na bosi anayeusoma kila Ijumaa hahitaji kumuuliza mtu kama anaweza kununua gari la tano.

Ila ukurasa huo una adui mmoja, naye ni njia ya mkato. Hapa inafaa twende polepole, maana ndipo programu nyingi zinapovunjiwa heshima kwa kosa lisilo lao.

Karani anapokea ankara ya gereji: shilingi 1,000,000 ya vipuri na kazi, VAT ya asilimia 18, jumla 1,180,000. Anaiingiza vizuri, na namba yake, na tarehe. Wiki inayofuata bosi yuko njiani Karatu, fundi anampigia, "Bosi, nimekwama, vijana wanataka hela yao," na bosi, kwa uungwana wake, anatuma pesa hapo hapo. Jioni karani anaona muamala. Badala ya kwenda kwenye dirisha la kulipa ankara na kuichagua ile ya gereji, anafungua dirisha la matumizi, anaandika matengenezo ya magari, 1,180,000, anafunga kompyuta na kuwahi daladala ya Sakina.

Salio la benki linalingana, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Ndani ya vitabu, lakini, matengenezo sasa ni milioni mbili au zaidi wakati fundi alifanya ya milioni moja. Fundi bado anaonekana anadai 1,180,000. Na kama karani aliweka alama ya VAT mara zote mbili, kampuni inajiandaa kudai kwa mamlaka ya mapato, TRA, irudishiwe VAT ya manunuzi ya 360,000 badala ya 180,000, kwa risiti moja. Mwisho wa mwaka faida imepungua kwenye karatasi. Bosi anaweza hata kufurahi kwamba kodi imekuwa nafuu, hadi mkaguzi atakapoomba risiti ya milioni ya pili.

Halafu deni lenyewe linaanza kuzeeka. Linahama kutoka safu ya siku 30 kwenda 60, kisha 90. Karani wa kwanza anaondoka, anakuja mwingine mwenye bidii, anaona fundi hajalipwa tangu masika, anaandaa malipo, bosi anasaini kwa sababu ankara ipo na muhuri upo. Fundi mwaminifu atarudisha. Fundi mwenye shida ataichukulia kama malipo ya kazi inayofuata, na kazi inayofuata hutaisikia bei yake. Na hata pasipo kulipwa mara mbili, ripoti ikishakuwa na madeni kumi ya uongo kati ya ishirini ya kweli, bosi anaacha kuisoma. Anarudi kwenye kichwa chake na droo. Kisha anawaambia wenzake kwamba programu ile ni ya ovyo.

Mtumiaji wa Tally, programu nyingine ya uhasibu, asidhani amepona. Pale, ukiandika vocha ya malipo kwa msambazaji ambaye ankara zake zinafuatiliwa moja moja, programu inakuuliza malipo haya ni ya ankara ipi, au ni malipo ya awali, au ni ya kuwekwa tu kwenye akaunti yake. Karani mwenye haraka anachagua hilo la mwisho kila mara. Gharama haijirudii, hilo ni nafuu, lakini malipo yanaelea upande mmoja na ankara zinaelea upande wa pili, na siku fundi anapokuja kubishana juu ya ankara ya mwezi wa tano hakuna anayeweza kumwonyesha ililipwa na muamala upi.

Kwa hiyo wanaolalamika kwamba programu inawaandikisha jambo moja mara mbili, wengi wao ndio walioandika gharama moja mara mbili. Tiba kwenye QuickBooks wala si ngumu: fungua yale matumizi ya jioni, badilisha akaunti yake iwe ya wadai, yaani ya wanaokudai, weka jina la fundi, ondoa alama ya VAT, kisha nenda kwenye dirisha la kulipa ankara na uunganishe hayo malipo na ile ankara. Kufuta ankara ili deni lipotee kunavutia kwa sababu ni kubofya mara moja, lakini unafuta pia namba ya ankara na tarehe iliyotakiwa kulipwa, vitu viwili utakavyovihitaji ugomvi ukitokea.

Kuna mahali programu yenyewe inastahili lawama. Mpangaji wa ofisi anayelipa pango la shilingi 3,000,000 anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya zuio, ampe mwenye jengo 2,700,000, na 300,000 aipeleke TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ukiingiza ankara ya milioni tatu na kurekodi malipo ya milioni mbili na laki saba, ankara inabaki wazi kwa laki tatu, na mwenye jengo anaonekana anadai pesa asiyodai. Inabidi uifunge ile laki tatu kwa kuihamishia akaunti ya kodi ya zuio, na hakuna kitakachokukumbusha usipoandaa mwenyewe. Hili liwekwe sawa siku ya kwanza na mtu anayejua kodi za hapa. Mwuzaji wa programu aliyekuja na kompyuta mpakato na soda hatalitaja.

Sasa turudi kwa mama wa mboga, kwa sababu yeye ndiye mwenye hoja nilizoshindwa kuzipangua. "Mama, ankara yako ipo, bado haijafika siku yake," anaambiwa mapokezi. "Mwanangu, hizo mboga wageni wameshakula, wameshalala, wameshaondoka." Ana haki kabisa. Amenunua Tengeru Jumamosi alfajiri kwa mtaji wake wote, na mtaji uliokaa siku 30 kwenye kompyuta ya mtu mwingine ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, nyumbani kwake.

Ila siku 30 zile zimetoka wapi? Kila programu ninayoijua inakuacha uweke masharti ya malipo kwa kila msambazaji peke yake: huyu alipwe siku ya kupokea mzigo, yule siku 15, yule 30. Muuza matairi wa jumla mwenyewe ndiye anayekupa siku 30, zichukue. Mama wa mboga hakukupa. Aliwekewa kwa sababu siku karani alipokuwa anawasajili wasambazaji aliona ni rahisi kuwapa wote kundi moja, na bosi hakukagua, au alikagua akaona inampendeza. Anayejua utamlipa mwezi ujao huweka bei ya mwezi ujao. Hoteli inayojivunia kushikilia pesa ya mama huyu inairudisha kidogo kidogo kwenye kila fungu la mchicha. Mama huyu hahitaji hata kusubiri siku ya malipo. Mzigo ukipokelewa stoo na kuandikwa, ankara iingizwe, pesa itumwe kwenye simu yake, na malipo yaunganishwe na ankara ile ile kabla karani hajanyanyuka. Ni dakika tano.

Kwa msambazaji mwenye EFD kuna faida nyingine ya kutenganisha hatua hizo mbili: kati ya ankara na malipo ndipo mahali pa kudai risiti. Ukishatuma pesa kwa simu ukiwa Karatu, risiti utaifuata kwa nauli yako.

Anayeamua kuhama kutoka daftari kwenda programu aangalie kitu kimoja zaidi. Madeni ya kuanzia yaingizwe ankara moja moja, kila moja na namba yake na tarehe yake ya zamani, ingawa itachukua siku nzima. Ukiingiza jumla, kwamba gereji inadai milioni nne basi, malipo ya kwanza ya laki nane yatakosa ankara ya kushika, na utakuwa umeanza vitabu vipya kwa ule ule ugomvi wa fundi na karani.