Aliyetoka Zamu ya Usiku Asisahau Taya

Nesi akilalamika kwamba akitoka naiti usingizi haumji, ushauri anaopewa huwa wa kuamrisha: tulia, acha mawazo, lala. Usingizi hauna sikio la kusikia amri. Mwili uliogeuza wagonjwa, kuinamia vitanda na kutafuta mishipa ya kuwekea dripu hadi asubuhi huendelea kukaza misuli muda mrefu baada ya ripoti kukabidhiwa, na mwenye mwili hana habari. Msimamo wangu ni kwamba kazi ianzie kwenye misuli hiyo. Mawazo yatafuata.

Njia yenyewe, ya kukaza na kulegeza misuli fungu baada ya fungu, si ngeni. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, aliieleza kwa kirefu mwaka 1929. Mafunzo yake yalikuwa marefu mno kwa mtu mwenye kazi, na mwaka 1973 Douglas Bernstein na Thomas Borkovec wakayafupisha yakawa mafungu 16 ya misuli. Hoja ni rahisi: huwezi kulegeza msuli usioujua kuwa umekaza. Kwa hiyo unaukaza kwanza kwa makusudi, kisha unauachia, ili uionje tofauti.

Lala chali au kaa kwenye kiti chenye egemeo. Vua viatu na saa, fungua kila kinachobana. Anza na mkono unaoutumia zaidi: kunja ngumi, kaza sekunde 5 hadi 7, kisha achia ghafla, usilegeze kidogo kidogo. Tulia sekunde 30 ukifuatilia mkono unavyokuwa mzito. Rudia mara moja, halafu panda kwenye msuli wa juu ya kiwiko, kisha mkono wa pili. Ukimaliza mikono nenda usoni: inua nyusi, finya macho na pua, kisha uma meno na kuvuta pembe za mdomo nyuma. Shingo inafuata, halafu kifua na mabega, tumbo, na mwisho miguu mmoja mmoja: paja, kigimbi, unyayo. Mzunguko mzima huchukua kama dakika 20.

Taya na mabega ndiyo yanayostahili muda zaidi kwa muuguzi, nami ningeyarudia mara tatu hata kama mengine yatafanywa mara moja. Baada ya kuachia taya, meno yasigusane na ulimi ulale chini. Mabega yavutwe nyuma kana kwamba makombe ya mabega yanataka kukutana, maana usiku kucha yamekuwa yameinamia mbele.

Wanaosema haikuwasaidia, wengi wao hukwama mahali pale pale. Wengine wanakaza hadi mkono unatetemeka; nguvu ya nusu au robo tatu inatosha. Wengine wanabana pumzi kila wanapokaza, jambo linalopandisha presha kwa muda na kufanya kichwa kiume. Kigimbi kikikazwa kwa kunyoosha vidole vya mguu mbele, msuli hubana vibaya. Vuta vidole kuelekea usoni, na unyayo usizidishe sekunde 5. Mwenye maumivu ya mgongo au shingo aliruke fungu hilo, alilegeze tu bila kukaza. Mjamzito wa miezi mitano na kuendelea alale ubavu. Wapo pia ambao utulivu wenyewe huwaletea mapigo ya moyo ya kasi. Hao wakae, wafumbue macho, waanze na mikono peke yake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kujifunza zoezi hili kwa mara ya kwanza asubuhi ya kutoka naiti. Umechoka, unasinzia kabla ya kufika shingoni, au unalala ukijipima: nimeshalala? bado? Kujipima huko ndiko kunakokuweka macho. Jifunze siku ya mapumziko, mchana, ukiwa na nguvu. Baada ya wiki mbili hivi unganisha mafungu yawe saba, baadaye manne: mikono, uso na shingo, kiwiliwili, miguu.

Kwa asiyependa kukaza, ipo njia ya Herbert Benson wa Harvard, aliyoitangaza miaka ya 1970. Kaa, fumba macho, legeza mwili kuanzia miguuni, pumua kwa pua, na kila unapotoa pumzi taja neno moja kimoyomoyo. Dakika 10 hadi 20 zinatosha, isiwe ndani ya saa mbili baada ya kula. Neno la dhikri au la sala linafaa kabisa. Kupumua kwa kuhesabu nne ukiingiza na sita ukitoa kunafaa wodini, hata ukiwa umesimama. Vidole au midomo ikianza kufa ganzi, unavuta hewa nyingi kupita kiasi, punguza.

Ila usilale na kujilegeza kwa kina saa kumi alfajiri kisha ukaenda moja kwa moja kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Aliyezinduka ghafla usingizini akili yake huchelewa dakika kadhaa kurudi, na hesabu za dozi hazimsubiri.

Halafu, kwa muuguzi wa Dar es Salaam, kuna jiji lenyewe. Mwili hulala ukiweza kupoza joto lake, na kwenye unyevu wa pwani jasho halikauki bila upepo. Feni ni sehemu ya zoezi, tena mngurumo wake hufunika fundi wa kuchomelea wa jirani. Umeme ukikatika, oga maji ya kawaida na ufunike miguu kwa kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa. Kanga nyingine ikunjwe juu ya macho. Abiria anayerudi Kimara au Mbagala saa moja na nusu asubuhi avae miwani ya jua, kwa sababu mwanga wa asubuhi huiambia saa ya ubongo kwamba siku imeanza. Asisinzie nusu saa ndani ya basi la mwendokasi. Usingizi huo hukatwa kwenye ule wa kitandani. Anayeendesha mwenyewe aache hayo yote, akae macho. Kahawa ya saa kumi alfajiri, takriban nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu asubuhi.

Hata hivyo sikubaliani na viongozi wanaoleta semina ya utulivu huku rosta ikibaki ilivyo. Nesi aliyemaliza zamu ya jioni na kutakiwa alfajiri anapoteza saa za kulala, na hakuna msuli unaolegezwa ukazirudisha. Zoezi linamfikisha usingizini mapema. Halimwongezei saa kitandani. Matroni anayetaka matokeo aanze kwa kuacha saa 11 au zaidi kati ya zamu na zamu, kisha atenge kiti chenye egemeo kwenye chumba cha mapumziko na dakika 20 ambazo simu ya wodi inapokelewa na mtu mwingine. Na muuguzi anayekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, hata siku za mapumziko, amwone daktari. Akiwa anakoroma na kukabwa pumzi usingizini, asingoje hiyo miezi mitatu.