Mtoza ushuru angependa hidrojeni, ila umeme ndio unaokuja

Kule nyumbani Tanzania bado tunabishana kama gari la umeme litafaa barabara zetu. Huku Uingereza ubishi huo umekwisha, sasa watu wanagombana juu ya nani alipie lami. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 gari la umeme halina tena msamaha wa kodi ya gari ya kila mwaka: jipya lililipa pauni 10 mwaka wa kwanza, kisha likaingia kwenye kiwango cha kawaida cha pauni 195 kwa mwaka, sawa na la petroli. Novemba 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akatangaza la pili. Kuanzia Aprili 2028 kila maili ya gari la umeme italipiwa peni 3, na yale yenye injini ya petroli pamoja na betri ya kuchomeka yatalipa peni 1.5.

Kelele zimekuwa nyingi, lakini hesabu yenyewe ni nyepesi. Ushuru wa mafuta hapa ulishushwa hadi peni 52.95 kwa lita Machi 2022, na VAT ya asilimia 20 inapigwa juu ya mafuta pamoja na ushuru huo. Gari la petroli linalokwenda kilomita 15 kwa lita, likitembea kilomita 10,000, linakunywa lita 667 na kuiachia serikali pauni 353 kabla ya VAT. La umeme kwa safari hizo hizo, maili 6,214, litadaiwa pauni 186. Bado ni karibu nusu, kwa hiyo anayelia kwamba ameonewa anatia chumvi.

Ninaloliona mimi kuwa ni uonevu ni jingine, na halizungumzwi sana. Umeme wa nyumbani una VAT ya asilimia 5. Umeme wa chaja ya barabarani una asilimia 20. Mwenye nyumba yenye sehemu ya kuegesha gari anafunga chaja ukutani, anachukua tarifa ya usiku ya peni 7 hadi 9 kwa uniti, na kilomita 100 zinamgharimu kama pauni moja na nusu. Anayeishi ghorofani na kuegesha mtaani, na wahamiaji wengi tuko kundi hilo, anakwenda kwenye chaja ya kasi inayouza uniti kwa peni 70 na zaidi: kilomita zile zile zinafika pauni 11 au 12, ghali kuliko petroli. Akija kudaiwa na zile peni 3 kwa maili, analipa sawa na yule wa chaja ya ukutani. Wakitaka kurekebisha kitu, waanzie hapo.

Sasa hidrojeni. Kila ukitajwa ushuru wa umeme, hakosekani mtu wa kusema tungesubiri magari ya hidrojeni: unajaza dakika tano, unaondoka, moshi wake ni maji. Kwa mtoza ushuru ni ndoto njema kweli. Hidrojeni, kama petroli, hupitia kwenye mpira wa pampu, inapimwa kwa kilo, na kituo kinachouza kinajulikana. Weka kiasi fulani kwa kilo na kazi imekwisha. Umeme unatoka ukutani, kwenye paneli za juu ya bati, kwa jirani. Huwezi kuweka karani kwenye kila soketi.

Tatizo la hidrojeni liko kwenye fizikia. Kutengeneza kilo moja kwa kupasua maji kunataka uniti 50 hadi 55 za umeme. Kisha unaishindilia mpaka shinikizo la bari 700, na kabla ya kuiingiza kwenye mtungi wa gari unaipoza hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, la sivyo mtungi unapata joto kupita kiasi wakati wa kujaza. Toyota Mirai, gari la hidrojeni, hubeba kilo 5.6 na kilo moja inaisogeza kama kilomita 100. Uniti zile 55 ukizitia moja kwa moja kwenye betri ya gari la kawaida la umeme, unakwenda kilomita 300 na ushee. Na hapo ni hidrojeni ya kutengenezwa kwa umeme. Nyingi inayouzwa duniani inatoka kwenye gesi asilia, na kaboni yake inaachiwa hewani huko kiwandani.

Halafu kuna mambo ya kituoni ambayo matangazo hayayasemi. Kwa sababu gesi ni ya baridi kali, siku ya unyevunyevu mdomo wa pampu huganda na kung'ang'ania kwenye gari, na dereva anasubiri barafu iyeyuke. Magari kadhaa yakijaza mfululizo, kompresa, mashine ya kushindilia gesi, inazidiwa, na anayefuata anaambulia mtungi usiojaa au anangoja shinikizo lipande. Kompresa yenyewe hufanya kazi ngumu na huharibika mara kwa mara. Gesi isipokuwa safi kwa asilimia 99.97, hasa ikiwa na chembe za kaboni monoksidi, inaharibu seli za kutengeneza umeme ndani ya gari. Na makosa madogo yana bei kubwa: Juni 2019 kituo cha Sandvika karibu na Oslo kililipuka, na uchunguzi ukaonyesha boliti za plagi ya tangi hazikukazwa inavyotakiwa.

Shell yenyewe ilifunga vituo vyake vya hidrojeni vya hapa Uingereza mwaka 2022, na mapema 2024 ikafunga vya magari madogo California, ambako kilo ilikuwa imefika dola 36. Kilo moja, kilomita 100. Malori ya masafa marefu huenda yakawa na hadithi nyingine. Kwa gari la kwenda kazini, jambo limeisha.

Nalitaja kwa kirefu kwa sababu kwenye minada ya magari ya Japani Mirai iliyotumika huonekana kwa bei ya kutupa, na kuna ndugu atajiona ameokota dhahabu. Kabla hujatuma hela, omba picha ya upande wa ndani wa kifuniko cha kujazia. Pameandikwa tarehe ambayo baada yake mtungi haujazwi tena, miaka 15 tangu ulipotengenezwa. Halafu jiulize utajazia wapi kati ya Tunduma na Tanga. Ukiwa na hamu ya gari la betri toka Japani, Nissan Leaf ina akili zaidi, ila hesabu vijiti vya afya ya betri pembeni ya kipimo cha chaji: vinatakiwa kuwa 12. Betri yake haina kipoza maji na joto la pwani linaimaliza haraka, kwa hiyo ikishafika na vijiti 9 usitegemee maajabu Dar es Salaam.

Turudi kwenye kodi, maana kwa jambo hili Tanzania iko mbele ya Uingereza na watu hawajui. Mpaka 2017 tulikuwa na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Ilidaiwa hata kama gari liko juu ya mawe chini ya mwembe, madeni na faini vikajaa. Bajeti ya mwaka huo, chini ya Waziri Philip Mpango, iliifuta na kuongeza shilingi 40 kwenye lita ya mafuta. Huku Uingereza ukitaka gari lililolala lisidaiwe, unatoa taarifa rasmi kwamba liko nje ya barabara, na ukililaza kimyakimya ni faini. Kwetu halihitaji taarifa: halijaenda sheli, halijalipa. Mwaka 2021 ikaja shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na 2023 shilingi 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Unaweza kulalamikia kiasi, lakini njia ni safi: anayetembea sana analipa sana, na hakuna fomu.

Njia hiyo inategemea kila gari kupita sheli. Magari na bajaji za gesi asilia Dar es Salaam zimeshaitoboa tundu la kwanza, na serikali ililiona: Juni 2024 lilikuja pendekezo la shilingi 382 kwa kilo ya gesi ya magari. Gesi angalau ina pampu. Leaf ya uniti 40 ikichajiwa nyumbani kwa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa kama shilingi 356 uniti moja, inajaa kwa shilingi 14,240 na kutembea kilomita kama 240. Petroli ya safari hiyo ni lita 17, na senti ya barabara iliyomo kwenye lita 17 haionekani popote.

Najua wazo litakalokuja kwanza, kwa sababu limeshazoeleka: kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, basi na barabara ikatwe humo. Lisifuatwe. Mita haijui kutofautisha friji na gari. Mama mwenye jokofu la kuuza barafu atalipia lami ya mwenye Leaf, na mwenye Leaf atanunua paneli.

Kenya walijaribu mlango mwingine. Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kuanzia shilingi za Kenya 5,000 hadi 100,000, ikusanywe na kampuni ya bima. Muswada wote uliondolewa baada ya maandamano. Kosa la kipengele hicho lilikuwa kutoza thamani: gari la bei linalokaa getini linalipa kuliko probox inayokimbia Nairobi na Namanga kila siku, na kila mwenye gari ana sababu ya kukimbia bima kubwa. Mahali pa kukusanyia hapakuwa pabaya.

Bima ndiyo malipo pekee ambayo karibu kila gari la Bongo hulipa kila mwaka, na trafiki anaihakiki kwenye simu. Huku Uingereza serikali inataka dereva akadirie maili zake mwanzoni mwa mwaka, kisha odomita, kipimo cha umbali kwenye dashibodi, isomwe kwenye MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa ubora wa gari, na tofauti ilipwe. Sisi hatuna ukaguzi wa namna hiyo, lakini wakala wa bima anaweza kupiga picha ya odomita anapouza bima, kwa magari ya umeme tu. Watarudisha kilomita nyuma? Wapo watakaofanya hivyo, mafundi wa kazi hiyo tunao. New Zealand, ambako tangu Aprili 2024 gari dogo la umeme hununua kilomita 1,000 kwa dola 76 za kwao, wanaishi na udanganyifu huo huo na mfumo haujaanguka. Chaja za biashara zitozwe kwa uniti, maana zenyewe zina mita yake, na aliyelipia huko akatiwe risiti apunguziwe kwenye bima. Pikipiki na bajaji za umeme ziachwe kwanza: ni nyepesi, hazichimbi lami, na dereva wake anatembea kilomita nyingi kwa faida ndogo.

Kiasi? Anza na ile shilingi 100 ya TARURA peke yake. Kwa gari la kilomita 14 kwa lita ni kama shilingi 7 kwa kilomita. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka atalipa shilingi 105,000, hela inayokaribiana na bima ndogo yenyewe.