Montgomery: Ni Wakili au Ni Miguu?

Mjadala wa mgomo wa Montgomery, Alabama, huko Marekani, weusi walipokataa kupanda mabasi ya mji kwa sababu ya ubaguzi wa viti, haukosi mtu wa kuuliza: zile siku 381 za kutembea zilisaidia nini, ikiwa mwisho wa yote mahakama ndiyo iliyoamua? Swali si la kijinga, na wanaoliuliza wana tarehe upande wao.

Tarehe 1 Februari 1956 wakili Fred Gray alifungua kesi kwa niaba ya wanawake waliokuwa abiria wa mabasi hayo, akiwamo Aurelia Browder, na pia Claudette Colvin, binti aliyekamatwa akiwa na miaka 15 kwa kukataa kumwachia mzungu kiti, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, ambaye kukamatwa kwake kwa sababu hiyohiyo ndiko kulikowasha mgomo. Mwezi Juni majaji wawili kati ya watatu wakasema ubaguzi ndani ya basi unavunja katiba. Tarehe 13 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana nao. Siku hiyohiyo, Martin Luther King, kiongozi wa mgomo, alikuwa amekaa mahakamani Montgomery, serikali ya mji ikiomba amri ya kuyapiga marufuku magari ya lifti, yaani magari ya watu yaliyowabeba wagomaji. Na amri ikatoka! Bila Mahakama ya Juu kule Washington, wanasema, mgomo ulikuwa umekwisha. Tena madai ya mwanzo ya wagomaji hayakutaka hata ubaguzi ufutwe: walitaka madereva wenye adabu, weusi waajiriwe kuendesha kwenye njia za weusi, na mweusi aliyekwisha kukaa asiinuliwe kumpisha mzungu.

Hayo nayakubali yote. Lakini mbona hawaitaji hukumu ya 1946? Katika kesi ya Irene Morgan, mahakama ileile ya juu ilikataza ubaguzi kwenye mabasi yanayovuka mipaka ya majimbo. Mwaka uliofuata weusi na wazungu walipanda pamoja kuijaribu, na mmoja wao, Bayard Rustin, akaishia kutumikia kifungo cha kazi ngumu North Carolina. Mei 1961, miaka 15 baada ya hukumu, basi la wasafiri waliokuwa wakidai haki hiyohiyo lilichomwa moto karibu na Anniston, Alabama. Karatasi ya hukumu ilikuwapo muda wote huo.

Sasa tazama senti 10, maana kwangu hapo ndipo penye kisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa nauli ya basi. Mgomo ulipoanza Desemba 1955, teksi za weusi zikabeba watu kwa senti 10 hizohizo. Mji ukafufua kanuni: teksi isitoze chini ya senti 45. Kwenda na kurudi ni senti 90 badala ya 20, kwa mama anayefua na kupika majumbani mwa watu, na bado hajanunua unga. Ndipo yakapangwa magari ya lifti, kama 300 hivi, yenye vituo na ratiba. Petroli ilihitaji fedha. Georgia Gilmore, mpishi, na wenzake wakapika keki na sandwichi wakauza, mapato yakaenda kwenye mgomo. Kikundi chao walikiita kwa jina lenye maana ya “kutoka pasipo mahali popote”: ukiulizwa fedha zimetoka wapi, hujasema uongo. Kampuni za bima zilipoyakimbia magari yao, wakaitafuta bima hadi London.

Wala halikuwa jambo la kuzuka. Mei 1954 mwalimu Jo Ann Robinson, kwa niaba ya chama cha wanawake, alimwandikia meya kwamba robo tatu ya abiria ni weusi, na wasipopanda, mabasi hayaendi. Meya aliambiwa mapema. Usiku Parks alipokamatwa, Robinson alikesha kwenye mashine ya kurudufu, akitoa maelfu ya vipeperushi.

Amri ya mahakama ilifika Montgomery tarehe 20 Desemba 1956, kesho yake watu wakapanda. Tarehe 28 mama mjamzito akapigwa risasi za miguu ndani ya basi. Januari makanisa yakalipuliwa. Hakimu hakuwamo humo ndani. Waliokuwamo ni walewale waliotembea mwaka mzima, na waliendelea kupanda.