Masale Guta Zima

Nafanya kazi za bustani hapa Moshi: nakata majani, napogoa miti, nanyoosha ua. Watu hudhani ugumu uko kwenye panga. Ugumu uko kwenye kutupa. Nyasi hazina shida, kina mama wenye ng'ombe wa zizini huzifuata na viroba hata sijamaliza kufyeka. Migomba nayo ni chakula cha ng'ombe. Ila masale, hii mimea ya uzio! Ukiyachoma mabichi unavuta moshi bure, ukiyatupa mtaroni yanachipua, halafu mwenye mtaro anakutafuta.

Sasa mteja mmoja wa Rau akaamua kung'oa ua wake wote wa masale ajenge ukuta. Tukang'oa, tukajaza guta mpaka dereva haonekani, safari ya dampo Kaloleni. Hatujafika popote, pancha. Jeki ikagoma kunyanyua ule mzigo, ikabidi tushushe. Kijana wangu, ambaye siku nyingine hutupa vitu ovyo, siku hiyo akayapanga masale kwa adabu kabisa mbele ya geti la mzee mmoja, tukapeleka tairi kwa fundi.

Wenyeji wa Uchaggani mmeshaanza kucheka. Kwa mgeni: Mchaga akikukosea sana anakuletea jani la isale limefungwa fundo, na ukishaletewa huna ujanja, unasamehe. Jani. Si guta.

Niliporudi nikamkuta mzee na suti yake ya kanisani, mikono nyuma, analizunguka rundo. Kumbe alikuwa hasemezani na mdogo wake wa nyumba ya pili kwa ajili ya mparachichi wa mpakani, kwa hiyo aliyeleta alishamjua. Kilichomkosesha raha ni ujazo.

"Mama, hebu njoo uone," alimwita mkewe. "Mparachichi hauwezi kuleta yote haya. Huyu kuna jambo amefanya."

Nikasogea. "Shikamoo babu. Samahani, haya masale..."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa? Amekwambia kosa lenyewe ni lipi?"

"Babu, huu ni uchafu tu, naupeleka dampo."

"Najua ni uchafu. Nauliza ni uchafu gani aliofanya!"

Kabla sijajipanga kujibu, mjukuu alishatumwa kumwita mdogo mtu. Akaja anatafuna mswaki, hana habari. Alipoliona lile rundo, mswaki ukadondoka.

"Nimeyaona masale," mzee akasema. "Nimeshaelewa yote. Ila nataka uyaseme kwa mdomo wako."

Mimi nikajua atauliza masale gani. Wapi! Jasho likaanza kumtoka.

"Kaka," akasema, "yule ng'ombe hakufa kwa ugonjwa."

Mzee akageuka taratibu. "Ng'ombe yupi?"

"Yule uliyeniachia ulipokwenda Dar. Nilimuuza."

Mke wa mzee akavuta kigoda akakaa. Mimi, nikiona mambo yamekuwa ya ukoo, nikamkonyeza kijana wangu tupakie kimyakimya tuondoke. Nikashika mganda wa kwanza.

"Wewe kijana!" yule mama akanifokea bila hata kunitazama. "Hebu weka hapo hapo. Hajamaliza huyu."

Na kweli, jamaa akameza mate, akalitazama tena rundo kwa woga. "Halafu kaka, kuna ile hela ya bati..."