Kumshtaki rais aliyekwishaondoka: nani aliulipia uamuzi ule?

Wanaoidharau kesi ya pili ya Donald Trump katika Seneti ya Marekani, Februari 2021, aliposhtakiwa kwa kuchochea uvamizi wa jengo la Bunge, huuliza: mtu keshatoka Ikulu, unamwondoa wapi tena? Swali si la kipuuzi. Maseneta 43 walimwachia, wakatosha kwa kuwa kumtia hatiani kulihitaji theluthi mbili ya kura, na mwaka 2024 wapiga kura wakamrudisha. Yawezekana kabisa kesi ilimpa sura ya mtu anayeonewa.

Ila Katiba yao inataja adhabu mbili: kuondolewa, na kuzuiwa kushika wadhifa tena. Hiyo ya pili ingekuwa mzaha kama mtuhumiwa angeweza kuikwepa kwa kujiuzulu dakika za mwisho. Waziri wa Vita William Belknap alijaribu ujanja huo mwaka 1876. Seneti ikaendelea na kesi yake, ingawa mwishowe haikumtia hatiani. Tena Trump alishtakiwa na Bunge la Wawakilishi tarehe 13 Januari, akiwa bado rais. Mitch McConnell, aliyeiongoza Seneti wakati huo, alikataa kuiitisha mapema. Kisha akapiga kura ya kumwachia kwa hoja kwamba muda wa Trump umekwisha. Ajabu, siku hiyohiyo alisema Trump ndiye wa kulaumiwa kwa uvamizi wa jengo la Bunge.

Aliyeumia kisiasa si mshtakiwa. Wabunge kumi wa Republican, chama cha Trump mwenyewe, waliunga mkono mashtaka. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, wanne hawakugombea na wanne waliangushwa kwenye mchujo, yaani uchaguzi wa awali wa kuchuja wagombea, akiwemo Liz Cheney wa Wyoming. Walirudi wawili tu: David Valadao wa California na Dan Newhouse wa Washington. Hapo ndipo huwa nakwama kila ninapoitazama orodha hiyo. Katika majimbo hayo yote mawili, wagombea wa vyama vyote hukutana kwenye mchujo mmoja, na wawili wa juu husonga mbele, hivyo si wafuasi wa chama kimoja pekee wanaoamua. Si kinga kamili, maana Jaime Herrera Beutler alianguka hukohuko Washington, lakini kwa kura chache. Seneta Lisa Murkowski wa Republican, aliyepiga kura ya kumtia Trump hatiani, naye alipona Alaska, penye mchujo wa pamoja wa namna hiyo, ila wanaosonga mbele ni wanne.

Kwa hiyo wanaosema kesi ilishindwa kwa sababu hoja zake zilikuwa dhaifu hawanishawishi. Mbunge aliyetaka kupiga kura kwa dhamiri alikuwa anahesabu nani atamchuja. Na Louisiana, jimbo la Bill Cassidy, seneta mwingine wa Republican aliyepiga kura ya kumtia Trump hatiani, ilipitisha sheria mwaka 2024: kuanzia 2026, waliojiandikisha Democratic hawapigi kura katika mchujo wa Republican.